Mchezo wa mezani kwa watoto wenye disleksia: nianze na kadi, kete au sheria?

Nahodha_Tudor aliuliza:

Asalaam aleykum, hamjambo nyote.

Nina mchezo wa mezani wa majahazi kwa watoto wa miaka 9 hadi 13, wa kuchezwa Jumamosi kikundini hapa Tudor, Mombasa. Ni wa watu 2 hadi 4. Ubao ni sentimita 50 kwa 50, una bandari tano zilizopangwa kutoka juu kwenda chini kama zilivyo pwani: Lamu, Malindi, Mombasa, Pemba, Zanzibar. Bidhaa ni nne: boriti, chumvi, karafuu na tende. Kadi ni 48, ukubwa wa karata za kawaida, milimita 63 kwa 88. Kaskazi ikivuma majahazi hushuka, kusi ikivuma hupanda.

Baadhi ya wachezaji wana disleksia, na wanakwama mahali palepale kila mara. Kadi ya "Bandari" na kadi ya "Bendera" zinachanganywa. Kaskazi na kusi zinachanganywa. Zamu moja ina hatua tano (vuta kadi, pakia, safiri, uza, geuza upepo), na kufikia hatua ya tatu mtoto hajui yuko wapi. Kete zote ni vidude vya duara vya plastiki, tofauti yao ni rangi tu. Na kadi nilizozitia lamineti zinametameta chini ya taa, kingo zake nazo zimeanza kuachana.

Hii ni kadi moja, neno kwa neno:

"Usipowasilisha boriti zako bandarini kabla upepo haujabadilika, hutalipwa, na mchezaji aliye kushotoni kwako atachukua sarafu mbili."

Vifaa nilivyonavyo: printa, plaiwudi, msumeno wa mkono, drili. Nianze na lipi? Na ile fonti maalumu ya disleksia inasaidia kweli?

Mwl_Silabi alijibu:

Nahodha, kabla hujashika mkasi, isome hiyo kadi yako silabi kwa silabi. Neno la kwanza tu, "Usipowasilisha", lina herufi 14 na limebeba mambo matatu: wewe, sharti, na kukanusha. Msomaji mzoefu huliona kwa mkupuo. Mwenye disleksia hulijenga kipande kwa kipande, na akiiruka "-sipo-" maana yote imepinduka. Kisha umemwekea "haujabadilika", yenye b na d jirani, herufi ambazo ni umbo moja lililogeuzwa. Halafu "hutalipwa": ondoa h moja ya mwanzo, imekuwa "utalipwa". Pesa za mchezo mzima zimening'inia kwenye herufi moja.

Disleksia haimo machoni wala haihusiani na akili. Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti za lugha kwa haraka. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu mzuri, herufi na sauti yake haziachani, kwa hiyo watoto wengi hatimaye husoma kwa usahihi. Kinachowalemea ni mwendo. Akifika "sarafu mbili", mwanzo wa sentensi umeshamtoka kichwani. Ndiyo maana kisaa cha mchanga, kama umekiweka, kiondoe leo. Na sheria ya "soma kadi yako kwa sauti" iondoke pia. Hakuna kinachomfukuza mtoto mezani haraka kama hiyo.

Sasa tazama bao. Mashimo 32, kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, yaani 6 za nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 mkononi. Hakuna hata neno moja lililoandikwa. Nyumba, shimo lenye sheria zake peke yake, mara nyingi huchongwa la pembe nne katikati ya mashimo ya duara, na kidole huitambua kabla ya jicho. Sheria imo ndani ya umbo la ubao. (Sisemi bao ni jepesi kichwani. Kufuata kete zinavyozunguka ni kazi kubwa ya kumbukumbu. Lakini kusoma hakumzuii mtu mlangoni.)

Mchezo wako ufuate mkondo huo: kila jambo ambalo sasa hivi mtoto analishika kichwani, litafutie mahali pake juu ya meza. Anza na zamu. Hatua tano ni nyingi, na mbili kati yake ni ndugu: kupakia na kuuza vyote hufanyika bandarini. Ziunganishe. Upepo usigeuzwe kila zamu. Ageuze mchezaji wa kwanza, mara moja kila mzunguko. Zinabaki tatu: kadi, safari, bandari. Mpe kila mmoja kibao chenye matundu matatu na kijiti. Akimaliza hatua, anahamisha kijiti. Akiulizwa "uko wapi?" hakumbuki, anatazama.

Kuhusu kaskazi na kusi, kuna mtego mkubwa kuliko herufi. Upepo huitwa kwa kule unakotoka. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi hivi, na hulipeleka jahazi kusini. Mtoto anayejitahidi kusoma "kaskazi" anapata neno sahihi, kisha anasogeza chombo kwenda Lamu. Amesoma vizuri na amekosea! Usiweke neno hapo. Weka mshale mkubwa wa mbao pembeni mwa ubao, ncha ielekee kule majahazi yanakokwenda. Jina la upepo litajwe kwa mdomo unapougeuza mshale, watalizoea kwa sikio.

Mchapaji_Biashara_Street alijibu:

Mwalimu amesema kweli, mimi nitabaki kwenye kadi.

Kwanza fonti, kwa sababu watu hutumia siku nyingi hapo bure. OpenDyslexic na Dyslexie zimepimwa mara kadhaa. Pale palipoonekana faida, ilitoka kwenye nafasi pana kati ya herufi; Arial ikipewa nafasi hiyohiyo, faida ya fonti maalumu hutoweka. Nafasi yenyewe ndiyo yenye ushahidi: utafiti wa mwaka 2012 kwa watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa uliongeza pointi 2.5 kati ya herufi za pointi 14, na watoto wakasoma kwa kasi zaidi na makosa machache zaidi. Kwa hiyo chukua Verdana au Arial uliyonayo, pointi 14, ongeza nafasi. Nafasi kati ya maneno nayo ipanue, la sivyo maneno yatagandana kuwa neno moja refu. Chama cha disleksia cha Uingereza hupendekeza nafasi ya maneno iwe angalau mara 3.5 ya nafasi ya herufi, na mistari iachane kwa 1.5. Panga kushoto tu, upande wa kulia uache uchongoke wenyewe. Usilaze herufi, usipige mstari chini yake. Ukitaka kukazia, koza herufi ziwe nene.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo Kiswahili kinapotofautiana na mifano ya Kiingereza. Kadi ya milimita 63, ukiacha milimita 5 kila upande, inakubakizia 53. Verdana ya pointi 14 hula wastani wa milimita 2.9 kwa herufi. Ukiongeza ile nafasi, karibu 3.7. Mstari mmoja unaingia herufi 14. Yaani "Usipowasilisha" peke yake imejaza mstari mzima! Maneno yetu ni marefu, kadi ya karata haiyatoshi. Una njia mbili: kadi ya milimita 70 kwa 120, au maneno manne kwa kadi. Fanya zote mbili. Na usikate neno katikati kwa kistari, kamwe. Neno lililokatwa "haujabadi-" mwisho wa mstari husomwa kama neno kamili.

Hiyo kadi yako ya boriti ingekuwa hivi: kushoto picha ya boriti mbili, katikati mshale, kulia picha ya sarafu tatu. Chini yake: "Uza boriti 2." Basi. Kile kitisho cha kutolipwa kitoe kwenye kadi kabisa, kihamie kwenye mshale wa upepo: upepo ukigeuka, kila shehena iliyobaki chomboni inagharimu sarafu moja. Sheria moja, mahali pamoja, kwa wote. Badala ya kuirudia kwa maneno kwenye kadi dazeni nzima, unaiona ikitokea.

Chora boriti mbili, usiandike "x2". Mpaka vitu vinne jicho hutambua idadi bila kuhesabu. Vikizidi, vipange kama madoa ya dadu. Alama iwe kona ya juu kushoto, maana ndiyo kona inayoonekana mtoto akizikunjua kadi mkononi. Waliobuni karata walilijua hilo: kopa, uru, shupaza na pau zipo konani, na hakuna anayehitaji kusoma jina ili ajue ameshika nini.

Lakini angalia usihamishe mzigo kutoka kwenye maneno kwenda kwenye alama. Race for the Galaxy, mchezo wa karata wa mwaka 2007, una alama nyingi kiasi kwamba mgeni hujifunza lugha mpya kabla ya kucheza. Mchezo wako una bidhaa nne, sarafu, mshale wa upepo na kitendo cha kupakia na kuuza. Alama nane zinatosha, mbali na nembo za bandari. Ukijikuta unachora ya tisa, punguza sheria. Na kila alama iwe na kazi moja tu. Ukiweka tawi la karafuu kama nembo ya Pemba na hapohapo karafuu ni bidhaa, umeirudisha ile ya Bandari na Bendera kwa picha. Pemba iwekee popo mkubwa, ni wa huko na hayupo kwingine. Lamu punda. Malindi nguzo ya Vasco da Gama. Mombasa yale Mapembe ya Moi Avenue. Zanzibar mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba. Picha hizi zote zina kivuli tofauti, na kivuli ndicho jicho linachokamata kwanza.

"Bendera" yenyewe ibadilishe jina. Bandari na bendera zina herufi saba saba, mwanzo b, katikati nd, na irabu tu ndizo zimehama. Iite "Tanga" au "Nanga" kutegemea inafanya nini, ila usizitumie zote mbili.

Rangi ya karatasi: nunua kadi yenyewe ya krimu, gramu 300. Usichapishe krimu juu ya nyeupe, kila toleo litatoka tofauti na wino utakwisha. Kwa printa, ya leza. Wino wa maji hutawanyika mikono ikitoa jasho, na hapa Mombasa mikono hutoa jasho.

Kingo kuachana: uliweka karatasi kubwa kwenye lamineti kisha ukakata kadi, sivyo? Ukikata hivyo, karatasi inabaki wazi ubavuni, unyevu wa bahari unaingia, plastiki inafunguka. Kata kadi kwanza, zipange kwenye mfuko zikiachana milimita 6, pitisha moto, ndipo ukate ukiacha ukingo wa plastiki wa milimita 3 kila upande. Viringisha pembe. Na chukua mifuko isiyong'aa, ya mikroni 125. Mng'ao chini ya taa hula nusu ya neno, na mtoto huanza kuinamisha kadi huku na huku akitafuta pembe ya kusomea.

Nahodha_Tudor:

Kweli, nilitia lamineti karatasi nzima ndipo nikakata kadi. Shukrani sana. Majina na alama nimeshaanza kubadilisha. Sasa kete: nifikirie nini zaidi ya rangi?

Fundi_Komwe alijibu:

Mwanangu, rangi iwe ya mwisho, umbo liwe la kwanza. Kete iwe na mambo matatu: umbo, mkwaruzo na rangi, kwa mpango huo. Anayekosa moja anashika jingine. Wapo pia watoto wasiotofautisha nyekundu na kijani, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Piga picha kete zako kwa simu, iondoe rangi picha hiyo. Mbili zikifanana, hazijatofautiana bado.

Boriti: kijiti cha mviringo cha milimita 8, kata urefu wa milimita 35. Chumvi: mchemraba wa milimita 15, nyuso zote laini. Tende: kokwa ya tende yenyewe, ioshe, ikaushe jua la siku tatu, ipake vanishi. Ina mfereji upande mmoja na kidole hakiwezi kuikosea. Karafuu halisi usitumie. Zinavunjika vichwa, unga wake unapaka kila kitu, harufu yenyewe inaisha. Chukua ushanga wa mbao wa milimita 12, uchomeke kijiti kifupi, uache milimita 10 nje. Unapata kichwa na shina, ndiyo karafuu. Fanya 12 za kila aina kwa wachezaji wanne, na 2 za akiba.

Mbao: mwarobaini. Wachongaji wa Changamwe huufanyia kazi, waombe vipande vilivyobaki. Uwe umekauka. Mbichi hupasuka katika wiki chache, na ukitoboa tundu la milimita 6 kwenye mbao mbichi litakuwa yai ukirudi. Mwarobaini ni mchungu, na hilo ni zuri kwa mtoto anayetia kete mdomoni. Hata hivyo hizi ni ndogo: chochote kinachopita kwenye tundu la milimita 32 kisikae karibu na mtoto wa chini ya miaka 3. Kama kuna wadogo zao wanaokuja nao, mfuko ufungwe.

Mkwaruzo: wengi hukosea hapa. Hutumia msasa namba 80 kwa kete moja na 120 kwa nyingine, wakidhani vidole vitajua. Havijui. Ama laini kabisa, msasa 320, ama kwaruza kabisa. Na usigundishe karatasi ya msasa juu ya kete. Baada ya mwezi mafuta ya mikono yameijaza, imekuwa laini kama nyingine. Kwa boriti, zungushia mikato mitatu ya msumeno, kina milimita 1. Mkato haujai wala hauchakai. Malizia kwa nta ya nyuki. Mafuta ya kupikia yaepuke, yanachacha na kunata vumbi.

Jaribio la kete ni hili. Zitie zote 48 mfukoni, kitambaa kizito. Mchezaji atie mkono bila kutazama, ataje, atoe. Mara 20. Akikosea zaidi ya mara moja, kete mbili zimekaribiana mno. Usizipake rangi mpya, badili ukubwa wa mojawapo kwa nusu yake.

Sarafu usifanye duara za ukubwa mmoja zenye namba. Ya 1 iwe duara la milimita 20, ya 5 iwe ya pembe nne la milimita 30 lenye tundu katikati.

Kibao cha zamu alichosema Mwalimu: plaiwudi ya milimita 9, sentimita 4 kwa 15. Matundu matatu, drili ya milimita 6.5 kwa kijiti cha 6. Ukitoboa 6 kamili kijiti kitaingia leo, na mvua ya Mei ikinyesha hakitoki. Tundu la kwanza lizungushie duara la mkwaruzo ili ajue mwanzo bila kugeuza kibao.

Na wape kishikio cha kadi. Kipande cha mbao cha sentimita 25, kata mfereji wa upana milimita 3, kina milimita 12, msumeno ukiinama kidogo ili kadi zilale nyuma. Kadi tatu zinasimama, mikono iko huru. Mtoto anayejitahidi kusoma huku ameshika kadi tano kwa kiganja anafanya kazi mbili, na upepo wa kibarazani ni wa tatu.

BabaWawili alijibu:

Nawaheshimu wote, lakini mtoto mwenye disleksia anahitaji kusoma zaidi, si kufichwa maandishi. Mkiondoa maneno yote, mchezo umemsaidia nini?

Mwl_Silabi alijibu:

Baba, hoja yako ni ya haki na wazazi wengi wanayo. Sijasema maneno yaondoke. Neno libaki kila mahali, chini ya picha, kwa herufi nzuri, lakini mchezo usisimame kwa sababu ya neno. Mtoto akiona "boriti" chini ya picha ya boriti mara arobaini kwa mchana mmoja, bila mtu kumsukuma, amekutana na neno hilo bila hofu. Ila mchezo wa namna hii haufundishi kusoma peke yake. Kusoma hufundishwa kwa mpangilio, sauti baada ya sauti, kama Orton na Gillingham walivyoanza kupanga huko Marekani miaka ya 1930: mtoto aone, atamke, asikie, aandike kwa mkono. Na ambaye hajapimwa, apelekwe kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kupima mahitaji ya mtoto ya kielimu. Mchezo si kipimo.

Lakini ukitaka mchezo uwe na mlango wa kusomea, uongeze kama njia ya kupata zaidi, isiyo ya lazima. Naupendekeza huu: hati ya shehena. Atakayejenga jina la bidhaa yake kwa vibao vya silabi kabla ya kuiuza anapata sarafu moja juu. Asiyejenga anauza kama kawaida, hakatwi kitu.

Vibao viwe sentimita 3 kwa 3. Kila kibao ni silabi, si herufi. Hapa naomba usifuate vitabu vya Kiingereza. Tende ni te-nde, si ten-de. Chumvi ni chu-mvi. Boriti bo-ri-ti. Karafuu ka-ra-fu-u, irabu ya mwisho ina kibao chake, na watoto hupenda kuigonga mezani. Nd, mb, nj, ng, nz, mv huandikwa kwenye kibao kimoja pamoja na irabu yake. Isipokuwa pale m au n inaposimama yenyewe: m-tu, m-ti, n-chi. Ndiyo sababu mbegu ni mbe-gu lakini mbu ni m-bu. Mtoto akipiga makofi kwa kila silabi atalisikia hilo kabla ya kulielewa.

Usichanganye ng na ng' kwenye seti ya kwanza. Ngoma na ng'ombe zisubiri mpaka hizi nyingine zikae.

Kila kibao kiwe na mkato upande wa chini. Bila hiyo, "u" ikigeuzwa ni "n", na "bo" ukiizungusha unapata kitu kinachoanza na o. Ukitumia herufi kubwa b na d zinaacha kufanana, B na D, na kwa kibao cha herufi moja hilo linasaidia; lakini kwa silabi na maneno kaa na ndogo, maana ndizo atakazokutana nazo kitabuni na zina vichwa na mikia vinavyolipa neno umbo lake.

Kwa maneno manne ya bidhaa unahitaji silabi 11. Fanya nakala 2 za kila moja. Usiwape vibao vyote pamoja. Chukua vya neno lake, ongeza viwili vya kumpotosha, basi. Mwenye kuchagua kati ya vinne hadi sita anajenga. Mwenye kuchagua kati ya ishirini na viwili anasinzia.

Nahodha_Tudor:

BabaWawili, swali lako limenisaidia, hiyo hati ya shehena naiongeza. Mwisho: nitajuaje kuwa toleo jipya linafanya kazi? Nikiwauliza wanasema "ni zuri" tu.

Mchapaji_Biashara_Street alijibu:

Usiwaulize, hesabu. Kaa pembeni na karatasi yenye safu nne: mara ngapi mkono umekwenda kwenye karatasi ya sheria, mara ngapi ameuliza "sasa nifanye nini?", kadi ipi imeulizwa, na zamu imechukua sekunde ngapi. Cheza mara mbili na watu walewale. Kadi iliyoulizwa mara tatu ichore upya. Usiieleze vizuri zaidi kwa mdomo, maana mdomo wako hautakuwa ndani ya sanduku. Zamu ya kwanza icheze na kadi zote wazi mezani, kila mtu akiona unachofanya, bila kusoma sheria hata mstari mmoja.

Karatasi ya sheria iwe ukurasa mmoja, picha sita, sentensi moja fupi chini ya kila picha. Anza sentensi kwa kitenzi: "Vuta kadi." "Sogeza jahazi." Kwa kukanusha, usitegemee "usi-" peke yake; weka picha yenye alama ya X juu yake.

Jambo la mwisho: usitengeneze seti ya kawaida na seti "ya wenye disleksia". Seti moja, meza moja. Mtoto hapaswi kutambulishwa na sanduku.

Nahodha_Tudor:

Nimefanya mshale wa upepo, sentimita 20, skrubu katikati na washa mbili. Nikiubana haugeuki, nikiulegeza kiwiko kinaugusa na msimu mzima unabadilika.

Fundi_Komwe alijibu:

Toa washa ya chini. Kata duara la milimita 25 kutoka kwenye ndara iliyochakaa, toboa katikati, liweke baina ya mshale na ubao. Mpira unashika lakini haugandi. Kaza mpaka mshale ugeuke kwa vidole viwili na usigeuke kwa kimoja. Ncha yake ichonge iwe kali ya kuonekana, butu ya kugusa, na mkiani piga mikato mitatu kama ya boriti, ili mtoto akiushika gizani stima ikipotea ajue mbele ni wapi.